Pointi za Caitlin Clark: angezifunga zote kama angecheza SEC badala ya Big Ten?

#1 MtupaMbali (Dodoma)

Wakuu, heshima kwenu.

Caitlin Clark alitoka Iowa mwaka 2024 na pointi 3,951. Kwenye daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, hakuna aliyewahi kufika hapo, awe mwanamke awe mwanamume. Hilo sibishani nalo. Ninachobishia ni wapi alizipata. Sehemu kubwa ya msimu wa chuo kule Marekani ni mechi za konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi yao, na konferensi ya Iowa ni Big Ten. Miaka minne binti anapishana na Northwestern, Rutgers, Penn State, Minnesota. Wenzake wa SEC, konferensi nyingine, wanakutana na South Carolina ya kocha Dawn Staley, LSU ya kocha Kim Mulkey, Tennessee, Ole Miss. Kule ukimchosha anayekukaba, anatoka, anaingia mwingine mwenye mbio zilezile.

Chukueni usiku wa tarehe 15 Februari 2024, Iowa na Michigan. Kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya siku ya pili. Clark alihitaji pointi 8 kumpita Kelsey Plum, aliyeshika rekodi ya wanawake. Alizimaliza ndani ya dakika mbili na sekunde kidogo, ya mwisho akiitupia upande wa kushoto karibu na nembo ya katikati. Akatoka na pointi 49 na asisti 13, Iowa 106, Michigan 89. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini timu inayoruhusu 106, huo ni ukabaji gani?

Dai langu: angekuwa SEC angemaliza na elfu tatu na kidogo, na rekodi ya Plum ya 3,527 ingekuwa hai mpaka leo. Nipingeni kwa mechi, si kwa mapenzi.

#2 Profesa Takwimu

Umetaka mechi, zipokee.

Nusu fainali 2023, Dallas. South Carolina wameshinda 42 mfululizo. Clark 41, Iowa 77-73.
Fainali siku mbili baadaye, LSU. Clark 30, Iowa wanapigwa 102-85.
Robo fainali 2024, Albany, LSU tena. Clark 41, asisti 12, mitupo tisa ya pointi tatu, Iowa 94-87.
Fainali 2024, Cleveland, South Carolina ambao hawajapoteza hata mechi moja. Clark 30, Iowa wanalala 87-75.

Jumla pointi 142 kwa mechi nne, wastani 35.5. Wastani wake wa miaka yote minne ni 28.4. Yaani alipokutana na vigogo wa SEC wako alifunga zaidi. Sasa hiyo elfu tatu na kidogo umeitoa wapi?

#3 Mlinzi wa Kona

Profesa, umechagua nyama ukaacha mifupa. Georgia nao ni SEC. Raundi ya pili 2023 Clark alipata 22 tu. Na kama unataka ya kukufurahisha, umeisahau Kentucky ya 2021, mwaka wake wa kwanza, alifunga 35. Ziweke zote sita uone.

#4 Profesa Takwimu

Zote sita: 199. Wastani 33 na ushee. Bado uko juu ya 28.4, asante kwa kunisaidia.

#5 BintiKisauni (Mombasa)

Hodi jukwaani.

Nyote mnapima kitu kimoja mkidhani ni kingine. Mechi za mwezi wa tatu, kocha ana siku moja au mbili za kumsoma mpinzani. Anaangalia video usiku, kesho yake anafundisha wachezaji hotelini, keshokutwa wanaingia uwanjani. Konferensi si hivyo. Konferensi mnajuana. Umecheza naye mwaka jana, na mwaka juzi, na kuna timu unakutana nayo mara mbili msimu mmoja. Unajua akipewa mpira mkono wa kulia anaelekea wapi, unajua akikasirika anafanya nini.

Hapa kwetu tumeshaona KPA na Equity wakikutana mechi baada ya mechi kwenye fainali za ligi. Ya kwanza vikapu vinamiminika. Zikifika za mwisho hakuna anayepata mtupo wa bure, kila mtu ameshajua siri za mwenzake.

Kwa hiyo mimi nageuza dai lako, MtupaMbali. SEC walimpata Clark akiwa mgeni kwao. Michigan, Indiana na Ohio State walimjua tangu 2020 na bado aliwafunga. Kwangu hizo za Big Ten ndizo ngumu.

#6 MtupaMbali (Dodoma)

Dada Kisauni, hoja nzito, ila ina tundu. Nusu fainali ya 2024, UConn nao walikuwa na siku chache za kujiandaa. Walimpa Nika Mühl kazi moja tu, kumfuata Clark kila aendako. Kipindi cha kwanza Clark alipata pointi 6! Akamaliza na 21, Iowa wakapona 71-69, tena kwa ile faulo ya skrini (kumzuia mkabaji kwa mwili) ya Aaliyah Edwards wa UConn sekunde za mwisho ambayo watu wanaibishania hadi kesho. Kwa hiyo ugeni si kinga. Ukiwa na mtu sahihi wa kumkaba, anakabika.

Mimi nazungumzia uchovu. SEC hukabwi hivyo usiku mmoja, unakabwa hivyo miezi miwili. Miguu inakufa mwezi wa pili.

#7 Profesa Takwimu

Kuhusu uchovu: msimu wa 2023-24 Big Ten walicheza mechi 18 za konferensi. SEC walicheza 16. Tuendelee.

#8 Mkongo wa Cedar Rapids

Jambo bandugu. Mimi niko hapahapa Iowa, na Wakongomani tuko wengi, Cedar Rapids, Iowa City, Des Moines. Ukiingia duka letu la unga na samaki unasikia Kiswahili kuliko Kiingereza. Miaka ile ya Clark hata mama zetu ambao hawajawahi kushika mpira walikuwa wanauliza kanisani, "Yule mtoto amefunga ngapi jana?"

Nilipata kuingia Carver-Hawkeye mara moja, kwa tiketi ya mfanyakazi mwenzangu ambaye mke wake aliugua. Tiketi za msimu ule wa 2023-24 zilikuwa zimeisha kabla msimu haujaanza. Uwanja wenyewe umechimbwa ndani ya bonde. Ukipita mlangoni uko juu kabisa, viti vinashuka chini ya miguu yako mpaka sakafuni, na watu karibu elfu kumi na tano wako ndani ya shimo hilo. Kelele haina pa kutokea. Kabla ya mechi nilimtazama Clark akijipasha. Anaanza karibu na rimu, anarudi hatua, anarudi tena, mpaka anasimama kwenye nembo, na mtu anayemrudishia mipira hapunguzi kasi. Watoto walikuwa wamejazana kwenye uzio wameshika makaratasi, na kila mpira ukiingia wanapiga yowe kama ni fainali.

Nilitaka kumwambia MtupaMbali hivi: sisi tuliokuwa hapa tunakumbuka vipigo. Tarehe 21 Januari 2024 kule Ohio State, Clark alifunga 45 na Iowa wakapoteza 100-92 dakika za nyongeza, kisha mashabiki wakamiminika uwanjani mmoja akagongana naye akaanguka. Tarehe 11 Februari Nebraska, alikuwa na 31 mpaka robo ya tatu inaisha, robo ya nne hakupata hata pointi moja. Sifuri! Iowa wakapoteza 82-79. Wiki moja baada ya rekodi yake, Indiana wakawapiga 86-69. Hiyo ndiyo Big Ten laini? Na msimu ule bingwa wa ligi ya kawaida hakuwa Iowa, alikuwa Ohio State.

#9 BintiKisauni (Mombasa)

Asante sana ndugu yangu wa Cedar Rapids. Nebraska robo ya nne, sifuri. Hao walimjua. Hapo ndipo nilipo.

#10 KochaUpanga (Dar)

Nimefundisha mabinti muda mrefu, naomba tutoke kwenye majina ya konferensi twende sakafuni.

Iowa ya kocha Lisa Bluder ilikuwa mashine ya kufunga kabla Clark hajafika. Megan Gustafson alikuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2019, na rekodi ya Iowa ya pointi nyingi kwenye mechi moja, 48, ilikuwa yake hadi Clark alipopata zile 49. Gustafson hakuwa mtupaji wa mbali, alikuwa mtu wa chini ya rimu. Mfumo uleule, mchezaji wa aina nyingine kabisa, pointi zilezile.

Sasa tazameni Clark anavyopata nafasi. Mwenzake anakuja kuweka skrini juu kabisa, karibu na katikati ya uwanja, mahali ambapo timu nyingine hazijaanza hata kucheza. Anayemkaba akipita juu ya skrini amechelewa, akipita chini mpira umeshatoka mkononi. Wakija wawili, yule aliyeweka skrini anajiviringisha kuelekea rimu, na pasi inamfikia kifuani akiwa kwenye mwendo. Miaka ya mwenzake Monika Czinano, mtu wa chini ya rimu, hiyo ilikuwa adhabu. Halafu kuna ile hatua ya kurudi nyuma kushoto. Anapiga driblingi moja ngumu mbele, mkabaji anarudisha uzito kisiginoni, Clark anaruka nyuma na kushoto, na miguu ikigusa sakafu mikono iko juu tayari. Mkabaji wa SEC ana kisigino, wa Big Ten ana kisigino.

Mkitaka ushahidi, mechi ya tarehe 8 Februari 2024, Iowa na Penn State, 111-93. Penn State waliamua kumbana Clark kwa wawili mbali na rimu. Clark akatoa asisti 15 na Hannah Stuelke akafunga 47, karibu zote akiwa chini ya rimu. Pointi 47 kwa mtu ambaye hakuna anayemtaja hapa!

#11 Nyota_Kampala

Kocha amenena. Mimi naongeza mwendo wa mchezo. Iowa walikuwa wanakimbia. Wakipata ribaundi, sekunde chache mpira uko upande wa pili. Timu ikikimbia, kila mmoja anapata mashambulizi zaidi, na mpinzani pia, ndiyo maana Michigan nao walipata 89. Kwa hiyo 106 si lazima iwe ukabaji mbovu. Mechi ikichezwa taratibu inakuwa 64-54, kama Iowa na West Virginia kwenye raundi ya pili 2024, na hata hiyo Clark alifunga 32. Nusu ya pointi za timu.

Na sisi Waganda tunafuatilia konferensi ambazo hamzitaji kwa sababu ya Jane Asinde, aliyecheza Wichita State kule American Athletic. Mtoto wa Kampala kwenye mbao anagombea ribaundi na Wamarekani, halafu anarudi kuichezea timu ya taifa. Konferensi si Big Ten na SEC peke yake.

#12 Mzee wa Vinyl

Vijana mnagombania konferensi, na jina la Lynette Woodard halijatajwa hata mara moja. Kansas, miaka ya 1977 hadi 1981, pointi 3,649. Wakati huo mashindano ya wanawake yalikuwa chini ya AIAW, chama cha michezo ya wanawake vyuoni; NCAA ilianza kuyaandaa msimu wa 1981-82, kwa hiyo kwenye vitabu vya NCAA jina lake halikuhesabiwa. Clark alimpita Woodard tarehe 28 Februari 2024 kule Minnesota na magazeti mengi yaliandika mistari miwili tu.

Woodard alicheza bila mstari wa pointi tatu. Chuo cha wanawake kilianza kuutumia msimu wa 1987-88. Alicheza na mpira mkubwa wa wanaume, huu mdogo ulikuja 1984-85. Clark ana mitupo 548 ya pointi tatu. Iondoeni pointi moja kwenye kila mtupo mwone anabaki na ngapi.

#13 Mlinzi wa Kona

3,403 mzee. Nimekupigia hesabu.

Na Pete Maravich, mwenye rekodi ya wanaume, naye alicheza bila mstari huo, miaka minne LSU, 3,667.

#14 Profesa Takwimu

Maravich alicheza mitatu, si minne. Enzi hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kwenye timu kubwa. Mechi 83, wastani 44.2. Clark alicheza mechi 139. Alimpita tarehe 3 Machi 2024 dhidi ya Ohio State, kwa mtupo wa adhabu baada ya faulo ya kiufundi, muda mfupi kabla ya mapumziko. Iowa 93-83, Clark 35.

#15 Mlinzi wa Kona

Mitatu, ndiyo inamfanya Maravich kuwa mkubwa zaidi.

#16 Mzee wa Vinyl

Na Pearl Moore? Francis Marion, chuo kidogo cha South Carolina, 4,061 ukihesabu na zile chache za chuo cha kwanza alichoanzia. Huyo hajapitwa na mwanamke yeyote. Mkisema "hakuna aliyefika", semeni na daraja.

#17 MtupaMbali (Dodoma)

Mzee, shikamoo. Nimeandika "daraja la kwanza la NCAA", soma bandiko la kwanza.

#18 Mzee wa Vinyl

Marahaba. Nimesoma. Nawaambia hao wengine.

#19 DadaMwanza

Mimi nataka kumtetea MtupaMbali kidogo maana mmemzunguka.

Nilikuwa mfungaji wa shule yetu. Hatua ya mkoa nilikuwa nafunga nitakavyo, wasichana tuliokuwa tunakutana nao wengi walikuwa wameokotwa wiki mbili kabla ya mashindano. Tulipofika UMISSETA taifa nilikutana na binti wa mkoa mwingine, mfupi kuliko mimi, mikono mirefu. Robo ya kwanza sikugusa mpira kwa raha hata mara moja. Kila nikigeuka, kiwiko chake kiko mbavuni, na refa anatazama tu. Kocha wangu akanitoa akaniambia, "Huko mkoani ulikuwa unafunga peke yako." Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa kweli, na nilirudi nikajifunza kucheza bila mpira.

Kwa hiyo msiseme konferensi haina maana. Nani anakukaba kila wiki ndiye anaamua wewe unakuwa mchezaji gani. Ninachoshindwa kukubaliana na MtupaMbali ni kwamba pointi zingepungua. Labda angekuwa bora zaidi. Dawn Staley angemlazimisha kukaba!

#20 KochaUpanga (Dar)

DadaMwanza, umegusa penyewe. Kwa Staley asingefunga 31.6 kwa mechi, wastani wake wa msimu wa mwisho, kwa sababu Staley hampi mtu mmoja mpira wote. Fainali ya 2024 wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga 37, wa Iowa sifuri. Tessa Johnson, mwaka wa kwanza, akitokea benchi, alipata 19. Hiyo nayo ni sababu: idadi ya mitupo uliyoruhusiwa. Konferensi haihusiki hapo.

#21 Muscat Alfajiri

Salaam kutoka Oman. Huku saa moja mbele yenu, mechi ya Michigan nilianza kuitazama saa kumi na moja, nikaenda kazini na macho mekundu nikiwa na furaha tele.

Nina swali la upande. Kwa nini mechi za pointi nyingi sana za mtu mmoja huwa za konferensi? Ayoka Lee wa Kansas State, 61 dhidi ya Oklahoma, Januari 2022, Big 12, rekodi ya daraja la kwanza. Rachel Banham wa Minnesota, 60 dhidi ya Northwestern, Februari 2016, Big Ten. Plum mwenyewe, 57 dhidi ya Utah, Februari 2017, Pac-12, siku aliyompita Jackie Stiles aliyeshika rekodi kabla yake. JuJu Watkins wa USC, 51 ugenini Stanford, Februari 2024, Pac-12, na timu yake ilipata 67 tu. Hamsini na moja kati ya sitini na saba!

Kama BintiKisauni ana haki kwamba mnajuana, usiku kama huo usingetokea kwenye konferensi.

#22 BintiKisauni (Mombasa)

Swali zuri. Jibu langu: Lee alifunga zile 61 bila mtupo hata mmoja wa pointi tatu. Alikuwa mkubwa kuliko kila aliyesimama mbele yake, na kumjua mtu hakukuongezei urefu. Banham alipata dakika za nyongeza mbili. Watkins, Stanford waliamua wazuie wenzake, yeye apewe. Huo ni mkakati, ukiwa na timu yenye mfungaji mmoja. Haukufanya kazi siku hiyo.

#23 Nyota_Kampala

Dada, unajuaje Stanford waliamua hivyo?

#24 BintiKisauni (Mombasa)

Nimeitazama mechi. Wenzake wote kwa pamoja walipata 16. Sema wewe kilichotokea.

#25 Nyota_Kampala

Kilichotokea ni JuJu. Msimu wake wa kwanza alifunga 920, hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewahi. Wengine wanafunga kwa sababu wanajua kufunga.

#26 Profesa Takwimu

Jibu jepesi zaidi la Muscat: mechi nyingi za msimu ni za konferensi, kwa hiyo mambo makubwa mengi yatatokea humo. Januari na Februari karibu hakuna nyingine.

#27 Muscat Alfajiri

Novemba na Desemba vigogo wanakutana na timu dhaifu kabisa, na wanashinda kwa hamsini. Mbona hazitokei 61 huko?

#28 KochaUpanga (Dar)

Kwa sababu ukiwa mbele kwa hamsini kocha anakutoa robo ya tatu. Mechi ya konferensi ina uzito hadi dakika ya mwisho, unabaki uwanjani.

#29 Profesa Takwimu

Kansas State waliwashinda Oklahoma 94-65 siku ya Lee, Kocha. Na Oklahoma walikuwa kwenye orodha ya timu bora 25. Alibaki.

#30 KochaUpanga (Dar)

Alibaki kwa sababu alikuwa anaikimbiza rekodi. Mimi pia nisingemtoa!

#31 Chumvi ya Bagamoyo

Mnazungumza konferensi za vyuo vya Marekani kurasa tatu, hakuna aliyemtaja Hasheem Thabeet. UConn, Big East. Mtanzania wetu! Alichukuliwa namba tatu kwenye drafti ya NBA.

#32 Mlinzi wa Kona

Namba mbili, mkuu, Memphis Grizzlies, 2009. Na uzi ni wa wanawake.

#33 Chumvi ya Bagamoyo

Namba mbili, vizuri zaidi. Na anahusika. Februari 2009 UConn wakiwa namba moja nchini walikutana na Pittsburgh. DeJuan Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa mbali sana, alimbeba mgongoni kwenye kugombea ribaundi akampindua. Blair akamaliza na ribaundi 23, Pitt wakashinda 76-68. Mwisho wa msimu wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East. Ukitaka kujua konferensi inakufanyia nini, muulize Hasheem kuhusu Blair.

#34 DadaMwanza

Chumvi, hiyo nimeikubali. Kila konferensi ina Blair wake.

#35 Ihogoza la Kigali

Muraho kwa wote, asanteni kwa uzi.

Mimi niliingia kwenye mchezo huu kwa sababu ya AfroBasket ya wanawake 2023, ilichezwa hapa kwetu BK Arena. Rwanda tulifika nusu fainali, jiji zima lilikuwa halilali. Nigeria wakachukua kombe wakiwafunga Senegal. Ndipo nikaanza kuuliza hawa Wanaijeria wametoka wapi, nikakuta wengi wamepita vyuo vya Marekani. Elizabeth Balogun alikuwa Duke, ACC. Mwaka uliofuata Paris hao hao wakawapiga Australia 75-62 na Kanada 79-70, wakawa timu ya kwanza ya Afrika, wanaume na wanawake, kufika robo fainali ya kikapu Olimpiki.

Kwa hiyo MtupaMbali, wakati mwingine mimi sijali Big Ten au SEC. Najali nani anawapa mabinti zetu nafasi ya udhamini wa masomo.

#36 MtupaMbali (Dodoma)

Nakuunga mkono kwenye udhamini, hilo lifunguliwe uzi wake na mimi nitachangia.

Lakini sijaondoka kwenye dai. Mmenipa sababu saba: mfumo wa Bluder, mwendo wa mchezo, mstari wa pointi tatu, idadi ya mechi, idadi ya mitupo, kujuana, kipaji. Hakuna hata mmoja aliyenionyesha Clark akicheza mechi kumi na sita mfululizo dhidi ya SEC. Mechi sita za Profesa zimetawanyika miaka minne, na kila moja alikuja amepumzika.

#37 Profesa Takwimu

Fainali ya 2023 alikuja amepumzika siku moja, akitoka kuwafunga South Carolina 41. Na nusu fainali alifika akitoka kuwafunga Louisville 41, ribaundi 10, asisti 12. Hayo ni mapumziko gani?

#38 Mtoto wa UCLA (Los Angeles)

Nimechelewa ila nina mfano unaowahusu nyote, hasa BintiKisauni.

Pac-12 ilivunjika 2024. USC na UCLA, pamoja na Oregon na Washington, wakahamia Big Ten, ikawa na timu 18. Msimu wa 2024-25, Februari tarehe 13, JuJu akawafunga UCLA 38, ribaundi 11, bloku 8. UCLA walikuwa hawajapoteza mechi, wakalala 71-60. Tarehe 1 Machi USC wakawapiga tena 80-67. Siku nane baadaye, fainali ya mashindano ya Big Ten, Indianapolis, mara ya tatu: UCLA 72, USC 67.

Mara ya tatu waliwajua. Hiyo ni nadharia ya Kisauni kwa herufi kubwa.

#39 Nyota_Kampala

Au ni kwamba UCLA walikuwa na Lauren Betts na timu nzuri haifungwi mara tatu na timu ileile. Baadaye nusu fainali ya taifa UConn ya Big East waliwakuta UCLA haohao wa Big Ten wakawapa 85-51. Kisha wakawafunga South Carolina 82-59 kwenye fainali. Big East! Konferensi ambayo MtupaMbali hata hakuitaja.

#40 Mlinzi wa Kona

Hapo ndipo SEC inaponichanganya. South Carolina 2024 hawakupoteza mechi mwaka mzima, lakini karibu wafie nyumbani kwao SEC. Nusu fainali ya konferensi na Tennessee, wako nyuma kwa mbili, Kamilla Cardoso, mrefu wa mita mbili, ambaye hakuwahi kuingiza mtupo wa pointi tatu maisha yake yote ya chuo, akatupia ubao ukapokea, 74-73. Nani aliyemjua kwa hilo? Tennessee walimwacha peke yake makusudi!

#41 BintiKisauni (Mombasa)

Walimjua. Walijua hatupi. Ndiyo ubaya wa kujuana.

#42 Mkongo wa Cedar Rapids

Binti yangu ana miaka tisa, anacheza ligi ya watoto ya mji. Wote siku hizi wanataka kutupia kutoka nembo. Kocha wao amechoka kusema "sogeeni", mpira haufiki hata kwenye nyavu. Jumamosi iliyopita mmoja aliingiza wa mbali, wazazi wote tukasimama.

#43 KochaUpanga (Dar)

Mwambie kocha awape mpira mdogo na rimu ya chini, wasiharibu mkono. Mbali kutakuja.

MtupaMbali, wikiendi hii nitapakia vipande vya ile robo ya nne ya Nebraska na vya UConn kipindi cha kwanza, kimoja kimoja, nikionyesha nani anapita juu ya skrini na nani chini. Halafu uniambie kama unaona konferensi humo au unaona miguu. Mwenye mechi nzima ya Indiana ya tarehe 22 Februari aniletee, yangu ina robo mbili tu.

#44 Profesa Takwimu

Ninayo. Nakutumia usiku.